Mitungi Mia Moja Hamsini na Mitano

Vijana wa ofisi mliniomba niandike, na sikuwa na haraka ya kukubali. Mtu akistaafu leo, kesho akaombwa aandike, ni dalili kwamba alipokuwa akisema hakuna aliyesikiliza. Lakini nimeandika. Habari za vyeo hamtazikuta humu: nilipanda polepole kama lori la mizigo mlima Kitonga, na hapo hakuna la kujifunza. Mshahara nao tuuache ulale. Nitaeleza kazi yetu kubwa ya kwanza, ile ya kuhesabu pombe, tumbaku na bangi kwenye kisiwa kimoja cha Ihefu, miaka ya hamsini, Uhuru bado. Nataka muijue kwa sababu mnapenda kunisifu kwamba nahesabu kila kitu mara mbili. Hamjui tabia hiyo iliwahi kunifikisha wapi.

Mimi ni mtoto wa sokoni Iringa. Babu yangu alitoka pwani na msafara, akabaki hapa kwa sababu, kwa maneno yake, kupanda kulikuwa kumemchosha na kushuka alikuona ni kazi bure. Baba aliuza tumbaku. Siku zile tumbaku ya kusokotwa iliuzwa kwa urefu, kama kamba: mnunuzi anapima kwa mkono wake, muuzaji anapima kwa mkono wake, na mikono miwili haijawahi kulingana tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo kila kipande kilipimwa mara mbili, kisha watu wakagombana kidogo, kisha wakakata katikati. Nilikua nikiamini kwamba jambo likishapimwa mara mbili limekwisha.

Mbeya palikuwa na daktari mmoja Mzungu aliyetaka kujua watu wa nyanda hizi wanakunywa nini, wanavuta nini na kwa kiasi gani. Alikuwa na ofisi ndogo ya vyumba viwili, na alihitaji karani anayeijua tumbaku. Nikaenda. Siku ya kwanza nilipokewa na Mzee Ambokile, dresa wa siku nyingi, yaani mfunga vidonda, Mnyakyusa na Mmoraviani wa dhati, ambaye hakuwa amevuta wala kunywa maisha yake yote. Mimi nami, Mwislamu, sikuwa naonja. Nilimwambia nashangaa wawili tusioonja ndio tupewe kazi ya kuhesabu wanaoonja. Akasema serikali mara mojamoja hupatia: mhesabu pombe anayekunywa hupoteza hesabu ifikapo saa nane.

Akanimwagia maharage mezani, akaniambia nihesabu. Nikahesabu, nikarudia, nikampa jibu kwa kujiamini.

"Yanalisha watu wangapi?" akaniuliza.

Nikasema hilo sikuulizwa.

"Basi bado hujahesabu," akasema, akayarudisha kwenye kopo.

Kopo lile ndilo lilikuwa chombo chetu kikuu. Lilikuwa kopo la maziwa lililotobolewa juu, tundu la kupita harage moja. Mtu ukimuuliza mbele ya mkewe kama anavuta bangi, atakuambia hata jina lake hajalisikia. Ukimpa harage jeupe la hapana na jekundu la ndiyo, ukamgeuzia mgongo, akatumbukiza analotaka, kopo litakuambia ukweli bila kumtaja mtu. Mwisho wa siku unamwaga na kuhesabu. Mbali na kopo tulikuwa na mizani ya kuning'iniza, debe la kupimia nafaka, uzi wenye mafundo wa kupimia mzingo wa mitungi, na kata ya kibuyu ambayo Mzee aliijaza maji mara nyingi hadi akajua ujazo wake kama ajuavyo Baba Yetu.

Tulianzia upande wa Iringa na Mufindi, msimu wa ulanzi, kile kinywaji kinachogemwa kwenye mianzi. Hapo nilipata somo langu la kwanza. Igowole nilimuuliza mzee mmoja kama anakunywa pombe, akakataa, na huku mbeta, kile kikombe cha mwanzi, imejaa ulanzi mkononi na povu liko masharubuni. Nikadhani ananifanyia mzaha. Mzee Ambokile akaniuliza kando kama nimetazama jua. Ilikuwa asubuhi. Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu kama maji ya sukari, hata mtoto hupewa. Ule ule ukilala unakuwa mkangafu, na mkangafu humlaza aliyeulaza. Kwa Mhehe, kuita mtogwa pombe ni sawa na kuita ndama ng'ombe wa kulimia. Tangu siku hiyo tukaongeza swali: mtamu au mkali? Mkiona kwenye karatasi zenu za leo kuna safu mbili za ulanzi, mjue zilitoka kwenye masharubu ya yule mzee.

Mzee alikuwa na kanuni yake aliyoirudia kila tulipofunga mizigo: mdomo kwanza, chombo baadaye. Kwanza waulize watu, kisha zunguka uhesabu vyombo, upime nafaka, uangalie majivu ya jiko. Mdomo na chombo vikikubaliana, andika. Visipokubaliana, kaa hapohapo mpaka ujue kwa nini.

Sasa kisiwa. Ihefu ni lile bwawa la Usangu, kati ya Mbeya na Iringa, mahali ambapo mito hukutana na kukataa kuondoka. Katikati ya matete kulikuwa na kisiwa, nitakiita Idundulu ingawa sicho jina lake, chenye nyumba thelathini na moja za wavuvi. Walivua kambale na perege, wakawakausha kwa moshi, wakawapeleka masoko ya Mbeya na Iringa. Nilikuwa nimekula samaki wao tangu utoto bila kujua wametoka wapi. Sifa yao kule nchi kavu ilikuwa mbaya. Watu walisema Idundulu wanakunywa kuanzia jogoo hadi jogoo, wanavuta bangi hadi akina mama, na ndiyo maana watoto wao wanakohoa. Boma la wilaya, nalo silitaji, lilikuwa tayari na wazo la kuwahamishia nchi kavu. Lilisubiri hesabu yetu tu.

Hayo nilielezwa kabla sijaondoka, msije mkasema sikujua. Nilijua kwamba nambari nitakayoleta itaamua kama wale watu watabaki kwao au watavunja nyumba.

Tulisafiri kwa lori, kisha kwa miguu, na tulipofika ukingoni Mzee Ambokile akashikwa na homa. Akalala kwenye kibanda cha wachuuzi wa samaki, akaniambia niende peke yangu, nisisahau vyombo. Mwenye mtumbwi alitaka vipande viwili vya tumbaku: kimoja changu, kimoja cha mizigo, maana debe na mizani na makorokoro yale yalikuwa uzito wa mtu wa pili. Vijana, mimi ni mtoto wa muuza tumbaku. Kutoa vipande viwili pasipo kubishana ilikuwa ni kumtukana baba. Nilibishana hadi tukaelewana kipande kimoja, mizigo ibaki. Nilipanda na kopo la maharage na daftari, nikijiona mshindi. Sijawahi kufanya biashara mbaya kama ile, na nimewahi kununua baiskeli isiyo na breki.

Watu wa Idundulu walinipokea vizuri. Aliyenipa mahali pa kulala alikuwa Mama Sekalinga, mwanamke wa Kihehe aliyeolewa huko, mjane, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya maji. Alikuwa mpishi wa pombe wa zamu wiki ile, pombe ya ulezi, na alinicheka kwa kukataa hata kulamba kidole. Alisema karani anayehesabu pombe asiyeijua ladha yake ni kama kipofu aliyepewa kazi ya kuchagua kanga.

Nikaanza kazi. Kwa tumbaku na bangi kopo lilifanya kazi yake. Maharage yalisema ugoro unapendwa na wanawake kuliko wanaume, jambo ambalo wanaume walinikatalia kabisa huku wake zao wakipiga chafya nyuma ya ukuta. Bangi ilipata maharage mekundu mawili kisiwa kizima. Yalikuwa siri kwa karatasi yangu tu, kwa sababu wazee wawili walikuwa wakikohoa kwa kupokezana kutwa nzima, na kila mmoja alinifuata faraghani kunionya kuhusu mwenzake.

Ikabaki pombe. Nilimuuliza kila mwenye nyumba: nyumba yako inakunywa mitungi mingapi kwa juma? Atumbukize harage moja kwa kila mtungi. Wakatumbukiza. Jioni nikamwaga: maharage mia moja hamsini na matano. Kesho yake nikazunguka tena nyumba zote, swali lile lile, kopo lile lile. Nikamwaga: mia moja hamsini na matano. Nikagawanya kwa nyumba thelathini na moja nikapata mitano kwa kila nyumba, bila hata harage moja la ziada.

Nilifurahi mno kwa kukosekana kwa lile harage la ziada. Leo nashangaa mtoto wa sokoni nilipotelea wapi siku ile. Ukikuta wachuuzi thelathini na mmoja wanakutajia bei moja, unajua wana kikao chao. Mimi nikaona ni watu wakweli.

Nilirudi ukingoni. Mzee Ambokile alikuwa bado anatetemeka chini ya mablanketi mawili, macho mekundu. Akauliza kama nimehesabu vyombo.

"Nimehesabu mara mbili, mzee," nikamwambia.

Halikuwa jibu la swali lake, na nilijua halikuwa. Alifumba macho, akasema ndaga, yaani asante kwa lugha ya kwao, akalala. Kama angekuwa mzima asingenikubalia.

Mbeya niliandika ripoti kwa mwandiko wangu mzuri: Idundulu, nyumba thelathini na moja, mitungi mia moja hamsini na mitano kila juma. Chini nikaongeza kwa fahari, imehesabiwa mara mbili. Daktari aliisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaipeleka bomani, kisha akaondoka kwenda safari ya Njombe.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja niko mezani nachonga penseli, mlango ukajaa mtu. Alikuwa Mama Sekalinga, vumbi hadi magotini, na kichwani amebeba mtungi wa pombe, mtupu, mweusi kwa masizi. Alikuwa njiani siku nne, kwa miguu. Akautua mtungi juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa.

"Kamwene, karani," akasema.

"Kamwene, mama. Za huko?"

"Huko kuzuri. Nimekuja kuchukua mitungi yetu."

Nikamuuliza mitungi ipi.

"Wewe ndiye unayeijua. Tarishi wa boma amekuja kutusomea barua. Inasema Idundulu tuna mitungi mia moja na hamsini na mitano, kwa hiyo sisi ni walevi, kwa hiyo tuhame kabla ya mvua. Mimi nimezunguka kisiwa nimeona mitano. Nikasema, yule mwanangu wa Iringa ni mwaminifu, hata kidole hakulamba, bila shaka ile mingine ameihifadhi ofisini. Basi nipe. Huu ni mmoja, kule imebaki minne. Nipe mia na hamsini nipeleke kwetu."

Hakupandisha sauti. Mzee Ambokile alikuwa chumba cha pili akifunga vidonda. Nikasikia akiweka mkasi chini.

Nikamwambia mama, watu wenyewe ndio waliotumbukiza maharage, kila nyumba mitano. Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyejipaka uji usoni.

"Kwani uliuliza nini? Uliuliza nyumba yetu inanywa mingapi. Inanywa mitano. Na ya jirani inanywa mitano. Ile ile."

Hapo ndipo nilipoeleweshwa jambo ambalo kisiwa kizima kilidhani nalijua. Pale Idundulu ulezi ulipikwa kwa zamu, nyumba tano kila juma, na mtungi ukiiva haukuwa wa aliyepika. Ulikuwa wa kisiwa. Watu wa nyumba zote walikwenda, kila mmoja akapata kata yake moja au mbili, na aliyekunywa alisema amekunywa mtungi wetu. Asingeweza kusema amekunywa wa fulani. Kusema hivyo ni kutangaza kwamba zamu yako ikifika, wewe nawe utapika wako na kufunga mlango. Mtu wa namna hiyo akizamisha mtumbwi hapati wa kumvuta. Kwa hiyo kila mwenye nyumba alitumbukiza mitano kwa moyo safi, na mtungi mmoja nikauandika mara thelathini na moja.

Mzee Ambokile alitoka, akamsalimia mama kwa heshima, akauzungushia mtungi uzi wake wenye mafundo. Alipomaliza hakunigombeza. Alisema tu, "Shabani, kuuliza mara mbili ni kuuliza mara moja kwa sauti kubwa. Vyombo vyangu ulivipeleka?"

Nikamwambia vilibaki ukingoni, miguuni pake, na kwa nini vilibaki. Akauliza mwenye mtumbwi alitaka nini. Nikasema kipande kimoja cha tumbaku zaidi. Akarudi kwenye vidonda vyake.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kunyamaza. Ripoti ilikwisha kupita mikononi mwa wakubwa, na karani mgeni haulizwi juu ya barua ya boma. Mama Sekalinga angerudi na mtungi wake, mvua zingenyesha, nami ningeendelea kuchonga penseli. Njia ya pili ni kwenda kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, na kusema nambari ni ya uongo na aliyeiandika ni mimi. Karani aliyesema hivyo siku zile kwa kawaida alirudi sokoni kwa baba yake. Sikutaka kurudi. Lakini mama alikuwa amekaa pale na miguu yake yenye vumbi, hana mpango wa kuondoka bila mitungi mia na hamsini.

Nikaenda. Bwana Shauri alikuwa mtu mpole mwenye Kiswahili cha kitabuni. Akafungua jalada, akaweka kidole chini ya maneno yangu mwenyewe.

"Hapa imeandikwa, imehesabiwa mara mbili. Nani aliandika?"

"Mimi, bwana."

"Sasa unasema si kweli. Nikuamini lini, karani? Siku ile au leo?"

Ni swali zuri. Nikamwambia asiniamini siku yoyote. Anipe siku kumi, na tarishi wake aende nami, atazame kwa macho yake wakati napima. Akasema siku tatu. Nikamwambia siku tatu zitaisha njiani. Akasema tano. Nikasema nane. Akatabasamu kidogo, akasema sita na hakuna zaidi, na nikirudi na nambari ile ile nitalipia lori. Niliomba kumi ili nipate sita, lakini hilo sikumwambia.

Safari hii mwenye mtumbwi alitaka vipande vitano, kwa sababu tulikuwa watu wanne na mizigo: mimi, Mzee Ambokile, Mama Sekalinga na tarishi mwenye kofia nyekundu. Nilimpa vitano bila neno. Alinitazama kwa wasiwasi, akavinusa.

Tukahesabu kutoka chombo hadi chombo. Tarishi alifungua kila mlango, akainua kila ungo, akachungulia hadi kwenye vizimba vya kuku. Mitungi ya kupikia pombe ilikuwa minne, na ule wa Mama Sekalinga ukarudi kuwa wa tano. Nilipima ulezi wote wa kisiwa kwa debe na mizani: usingetosha mitungi mia na hamsini kwa mwezi, seuze kwa juma. Mzee akapima ujazo kwa kata, akagawa kwa watu wazima, na ikawa kwamba mtu wa Idundulu alikunywa kidogo kuliko mtu wa Mbeya mjini, na wakati mwingine alikunywa uji zaidi. Watoto walikohoa kwa sababu walilala darini, juu ya moshi wa majiko ya kukaushia samaki. Mzee aliandika hilo kwa mkono wake, ukurasa mzima.

Tarishi alitaka pia majina ya wenye maharage mekundu. Nikamfungulia daftari nikamwonyesha safu zote, moja baada ya nyingine, nikamuuliza safu ya majina anaiona wapi. Akasema haipo. Nikamwambia basi na mimi siioni. Wale wazee wawili walikuwa kimya siku nzima kwa mara ya kwanza, na nadhani kujizuia kule kukohoa kuliwadhuru kuliko bangi.

Kisha nikahesabu nyumba. Kwenye daftari la kwanza zilikuwa thelathini na moja. Nilizunguka nikapata ishirini na nne. Nikarudia, ishirini na nne. Nikamwita tarishi azunguke peke yake. Naye akaja na hiyo hiyo. Katikati ya kijiji palikuwa na miduara saba ya udongo mtupu, nguzo zimeng'olewa.

Mama Sekalinga akaniambia kwamba barua iliposomwa, wengine walisema tungoje, wengine walisema boma haliandiki mara mbili. Familia saba zilifunga mizigo siku ile ile, zikaondoka na paa zao.

"Karani," akaniuliza, "hiyo karatasi yako mpya ya kufuta ile ya zamani, inawafikia na walioondoka?"

Nikamwambia inafika bomani tu.

"Basi huko bomani ndiko watakakokaa," akasema, akaenda kuwasha jiko.

Bwana Shauri aliipokea hesabu ya pili siku ya sita, akamsikiliza tarishi kwa muda mrefu, akaifuta amri. Sikufukuzwa. Niliandikiwa onyo, nalo liko kwenye jalada langu hadi leo, na aliyelipokea jalada hilo baada yangu ameshaniuliza maana yake. Maana yake ni hii.

Daktari aliporudi alinipa likizo ya wiki mbili, alidhani nahitaji kupumzika. Nilikwenda ukingo wa Ihefu. Nikawatafuta wale saba, kijiji kwa kijiji, kwa kuuliza wachuuzi nani anauza kambale aliyekaushwa kwa mtindo wa Idundulu, mkia umepitishwa mdomoni. Nilipata nyumba tano. Mbili zilisikia habari, zikafunga mizigo, zikarudi. Mbili zilikuwa zimekwisha kupanda mahindi, zikasema mahindi hayahami. Mbili sikuzipata, na nilipouliza njiani watu walinionyesha pande tofauti.

Ya tano niliifikia siku ya mwisho, njia ya kwenda Ruaha, mahali pakavu ambapo hata matete hayakuwapo. Mwenye nyumba alikuwa anatengeneza wavu asiokuwa na mahali pa kuutega. Alinitambua kutoka mbali. Hakusimama.

"Umekuja kutuhesabu tena?" akauliza.

"Sikuja kuhesabu. Nimekuja kukuambia kwamba nilikosea. Amri imefutwa. Kama unataka, rudi kwenu."

Alifunga fundo moja, akavuta, akaliangalia. Akaniuliza nimekuja kwa miguu kutoka wapi, nikamwambia. Akauliza kama boma ndilo lililonituma. Nikasema hapana. Akaweka wavu chini, akamwita mkewe alete kigoda cha pili.

"Kaa kwanza," akasema. "Nieleze ulikosea vipi."

Nikakaa, nikamweleza.